Riwaya ya Kihistoria na Darasa la Utunzi

Wako watu wadhanio ya kuwa mtunzi na mwalimu ni mafahali wawili, na zizi moja haliwatoshi. Mwalimu, wasema, hufuata kanuni, mtunzi huzivunja. Neno hili lina sehemu ya kweli, walakini likipimwa kwa habari za watunzi wetu wa mambo ya kale laonekana pungufu.

Tutazame Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilifunguliwa mwaka 1961 katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka mingi kilima hicho kilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, mpaka Wilaya ya Ubungo ilipoundwa katika miaka ya 2010. Hapo ndipo M. M. Mulokozi alipofanya kazi zake mbili. Mwaka 1979 ulitoka mchezo wake, Mukwava wa Uhehe. Na mwaka ule ule yeye na K. K. Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kitabu cha kumwonyesha mwingine njia ya kutunga. Baadaye, katika miaka ya 1990, alizirudia zama za Mkwawa kwa riwaya za vijana, Ngome ya Mianzi na Ngoma ya Mianzi. Basi mtu mmoja alitunga, na tena akafunza kutunga.

Kazi ya riwaya ya namna hii si nyepesi. Mtunzi ana mashahidi wawili, nao aghalabu hawapatani. Wa kwanza ni maandishi ya watawala. Hayo yatuarifu ya kuwa tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Zelewski lilivunjwa huko Lugalo. Ya kuwa ngome ya Kalenga ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Na ya kuwa tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe hai. Siku na mahali vimo, lakini hatuambiwi mama wa Kalenga alimfunga mwanawe mgongoni akakimbilia wapi. Shahidi wa pili ni kinywa cha wazee. Huyo ajua kilio na wimbo, ila hesabu ya miaka humpotea. Mulokozi aliizoea sauti hiyo, kwani tasnifu yake ya mwaka 1986 ilihusu tendi za Wahaya ziimbwazo kwa nanga, ambazo zilipokewa kwa sikio kabla ya kuandikwa.

Baina ya mashahidi hao pana pengo, na hapo ndipo ubuni uanzapo. Mipaka yake ni ipi? Ebrahim Hussein, aliyefundisha sanaa za maonyesho Mlimani, alilikabili swali hilo alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, mchezo juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Aliwatahadharisha wasomaji ya kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikira, wala si yule wa historia. Huo ndio uungwana wa mtunzi: kubuni bila ya kumficha msomaji ya kuwa amebuni.

Mwandishi akaaye peke yake aweza kulikwepa jambo hili, mwalimu hawezi. Mkwawa aliwapinga Wajerumani kwa ushujaa, lakini dola ya Wahehe ilikuzwa pia kwa vita vilivyowaumiza jirani zao, Wasangu na Wabena. Mwanafunzi atokaye Usangu halisikii jina lile kama alisikiavyo mwenzake wa Kalenga, nao wote wawili wameketi katika benchi moja. Mwalimu anayewafunza kutunga hana budi kuwaonyesha namna ya kumchora shujaa bila ya kuwafuta walioumizwa naye. Aliyezoea kujibu darasani ataandika nyumbani kwa hadhari zaidi. Ni kweli ya kuwa kusahihisha madaftari humla wakati wake, na vitabu vyake hutoka polepole. Walakini hutoka vikiwa vimekwisha kuulizwa.

Tena historia haikukaa katika ngome za watawala tu. Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliwageukia wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla ya huo, Septemba 1947, makuli wa Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo ukaenea nje ya mji huo. Kijana wa Temeke, ambaye wilaya yake yapakana na bandari ile, hana haja ya kusafiri mbali kutafuta kisa. Lakini aliyekuwa na umri wa miaka 20 katika mgomo ule alizaliwa mwaka 1927, na mashahidi wa rika hilo wamekwisha karibu wote. Waliobaki ni watoto na wajukuu waliosimuliwa. Yafaa darasa la utunzi liwapeleke wanafunzi kwao kwanza, na daftari, kabla ya kuwafunza namna ya kuanza sura ya kwanza.