Jaa, Jadi na Jauza: Mwinamo wa Nyota katika Msamiati wa Falaki wa Kiswahili

Kamusi za Kiswahili kwa kawaida huifasili falaki kuwa ni elimu ya nyota na mwendo wake, na buruji kuwa ni makundi kumi na mawili ya nyota ambayo Jua huyapitia kwa mwaka. Fasili hizi si za makosa. Hata hivyo, zinaacha swali ambalo mhariri wa miswada ya falaki hawezi kulikwepa: nyota inaposemwa kuwa ipo mahali fulani, mahali hapo pamepimwa kutoka wapi? Elimu iliyoingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu ilikuwa na majibu mawili yasiyolingana. Makala haya yanashikilia kwamba baadhi ya majina ya nyota katika Kiswahili hayaelezeki sawasawa mpaka jibu la pili lirejeshwe mahali pake.

Jibu la kwanza huanzia katika njia ya Jua. Mduara ambao Jua huonekana kuuzunguka kwa mwaka hugawanywa katika sehemu 12 za nyuzi 30, kuanzia Hamali hadi Hutu, na sayari huandikwa kwa jina la buruji na idadi ya nyuzi. Jibu la pili huanzia katika ikweta ya mbingu, yaani mduara ulio juu kabisa ya ikweta ya dunia, na huuliza nyota iko nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya mduara huo. Kipimo hiki kinapohusu Jua na njia yake, wanafalaki wa Kiarabu walikiita mayl, yaani kuinama; hapa kitaitwa mwinamo. Njia ya Jua imekaa mshazari, kwa hiyo mwinamo wa Jua una kikomo. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, alikiweka kikomo hicho kwenye nyuzi 23 na dakika 51. Al-Battani, aliyefanya vipimo vyake Raqqa, alipata nyuzi 23 na dakika 35, hesabu inayokaribiana mno na ile ambayo wanaastronomia wa leo huikokotoa kwa zama zake.

Wengi hudhani kuwa wanajimu walishughulika na buruji pekee, na kwamba mwinamo ulikuwa kazi ya mabaharia na wapimaji wa kibla. Maandishi hayaungi mkono dhana hiyo. Katika kitabu cha kwanza cha Tetrabiblos, Ptolemy anaziunganisha buruji zilizo mbali kwa kiasi kimoja na mahali ambapo Jua hugeukia, akisema zina nguvu sawa. Sababu anayoitoa ni kwamba Jua likiwa katika buruji hizo, mchana huwa na urefu uleule, na Jua huchomoza na kuzama katika sehemu zilezile za upeo. Hiyo ni hoja ya mwinamo iliyovishwa nguo za buruji. Nyuzi 10 za Hamali na nyuzi 20 za Sumbula, kwa mfano, zimeachana kwa nyuzi 160, umbali usiohesabiwa kuwa kutazamana katika pembe zilizozoeleka za 60, 90, 120 na 180. Lakini sehemu zote mbili ziko karibu nyuzi 4 kaskazini ya ikweta ya mbingu. Katika karne ya 17, Placidus wa Italia aliupa uhusiano wa namna hii nafasi kubwa katika utabiri wake, na baadhi ya wanajimu wa Ulaya wakamfuata. Mwezi huzidi kuutofautisha mfumo mmoja na mwingine: njia yake huachana na ya Jua kwa nyuzi 5 hivi, na katika mzunguko wa miaka 18.6 mwinamo wake huweza kufika nyuzi 28 na nusu. Jina la buruji peke yake haliwezi kulionyesha hilo.

Baharini mambo yalikuwa mengine. Ahmad ibn Majid, nahodha mzaliwa wa Julfar aliyeandika katika nusu ya pili ya karne ya 15, hakuwa na haja kubwa ya kujua sayari imo buruji gani. (Kisa kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 kimekataliwa na wanahistoria wengi, ingawa bado hurudiwa.) Katika Kitab al-Fawa'id, na katika utenzi wake wa Kiarabu kuhusu njia ya Sofala, nyota ina kazi mbili: kimo chake, kinachopimwa kwa vidole, huonyesha chombo kimefika latitudo gani, na sehemu ya upeo inapochomoza au kuzama huonyesha mwelekeo. Dira ilikuwa na sehemu 32 zilizoitwa kwa majina ya nyota. Kutokana na msamiati huo Kiswahili cha zamani kilipata Jaa kwa maana ya kaskazini na Suheli kwa maana ya kusini.

Hapa pwani yenyewe ina la kusema. Kwa mtu aliye kwenye ikweta, nyota yenye mwinamo wa nyuzi 45 kaskazini huchomoza nyuzi 45 kaskazini ya mashariki kamili. Pembe ya kuchomoza na mwinamo ni kitu kimoja. Kadiri mtazamaji anavyosogea mbali na ikweta, ndivyo viwili hivyo vinavyoachana. Lamu iko karibu nyuzi 2 kusini, Mombasa 4, Zanzibar 6, Kilwa 9. Hata Kilwa, Suheli, ambayo mwinamo wake ni karibu nyuzi 52 na nusu kusini, huchomoza kwa tofauti isiyozidi uzi mmoja na hesabu hiyo. Kwa hiyo baharia wa Kilwa aliyeiangalia nyota ikitoka baharini alikuwa anausoma mwinamo wake moja kwa moja, bila jedwali wala hesabu. Katika bandari za Ghuba, zilizo nyuzi 25 hivi kaskazini, usomaji huo ungehitaji masahihisho.

Dira haikuzifuata nyota kwa uaminifu, hata hivyo. Sehemu zake 32 ni sawa, kila moja nyuzi 11 na robo, na nyota hazikujipanga kwa ajili ya mabaharia. Ayyuki, katika zama za ibn Majid, ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 45 na nusu, nayo imewekwa kwenye 45. Simaki ilikuwa karibu na 22, nayo imewekwa kwenye 22 na nusu. Suheli imesukumwa hadi 67 na nusu, nyuzi 15 kutoka mahali pake pa kweli. Ni wazi kwamba jina lilikuwa limeanza kujitenga na nyota na kuwa jina la upande tu, na ndivyo Kiswahili kilivyolipokea: msemaji aliyetaja Suheli kwa maana ya kusini hakulazimika kuijua nyota hiyo angani.

Mhariri wa miswada hujikwaa zaidi mahali ambapo mifumo miwili inagawana neno. Jauza katika orodha ya buruji ni Mapacha. Katika dira ya mabaharia ni kundi lingine, lile la mwindaji wa Wagiriki, Orion, lililo karibu na ikweta ya mbingu. Jadi ni tata zaidi. Kama buruji, ni Mbuzi, mahali ambapo Jua hufikia kikomo cha mwinamo wake wa kusini. Lakini katika Kiarabu herufi hizohizo, jim, dal na ya, huandika pia jina la nyota ya ncha ya kaskazini, ile ambayo mabaharia waliiita Jah na Waswahili Jaa. Sentensi yenye Jadi katika mswada wa hati ya Kiarabu inaweza basi kumpeleka msomaji kwenye pande mbili zinazopingana kabisa. Irabu zisipotiwa, kinachobaki ni muktadha: mstari unaotaja kibla, kimo au upande wa safari unaelekea kwenye nyota, unaotaja mwezi, sayari au nyuzi chini ya 30 unaelekea kwenye buruji. Magazeti ya leo, kwa kutafsiri buruji kuwa Kondoo, Mapacha, Mbuzi na Ndoo, yameuondoa utata huo kwa wasomaji wao, ila yamekata pia uzi uliomwezesha msomaji kuirudia miswada.

Kilimia iko nje ya ugomvi huu. Waarabu waliiita Thuraya na kuipa sehemu yake ya dira, lakini jina la Kiswahili limetokana na kulima, na methali inayoitaja huzungumzia kuzama na kuzuka kwake kati ya jua na mvua. Aliyeipa jina hilo hakupima kutoka ikweta ya mbingu wala kutoka njia ya Jua. Alihesabu kutoka shambani, na kwa kazi yake kipimo hicho kilitosha.