Magnesiamu: Madini Yaliyodhaniwa Kuwa Uchafu

Injika sufuria ya mchicha, kisha ukamulie ndimu mapema kabla mboga haijaiva. Muda si mrefu kijani kile kilichokuvutia gengeni kitafifia, na mboga itageuka rangi ya zeituni iliyochakaa. Mama zetu wanaopika kunde na mrenda wanalijua jambo hili kwa upande wake wa pili: wakitia magadi kidogo, mboga inalainika upesi na kijani chake kinakolea. Wamelijua bila maabara. Kinachotokea ndani ya sufuria ile ni kwamba asidi ya ndimu inang'oa atomu moja ya magnesiamu iliyokaa katikati ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na mahali pake panaingia hidrojeni. Magadi huituliza asidi, basi atomu ile inabaki kitini pake. Magnesiamu ikitoka, kijani nacho kinakwenda.

Ilichukua karibu miaka 90 tangu klorofili ipewe jina hadi mtu athibitishe hivyo.

Magnesiamu yenyewe watu waliimeza kabla ya kuifahamu. Haluli ya kuendesha tumbo ni chumvi yake. Waingereza waliiita kwa jina la mji wa Epsom, karibu na London, ambako maji machungu ya kisima yalipata sifa ya tiba katika karne ya 17. Daktari Nehemiah Grew akaiandikia kitabu mwaka 1695. Mwaka 1755 Joseph Black wa Scotland alionyesha kwamba magnesia, unga wenye magnesiamu ndani yake, si chokaa, ingawa zote ni unga mweupe, na mwaka 1808 Humphry Davy akaitenga magnesiamu kwa nguvu ya umeme huko London.

Upande wa jani, wafamasia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliupa ute wa kijani jina la klorofili mwaka 1817, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kijani na jani. Ndio hao hao waliotoa kwinini katika gome la mti mwaka 1820, dawa ambayo wazee wetu bado wanaukumbuka uchungu wake. Kufikia miaka ya 1860, Julius Sachs na Wilhelm Knop wa Ujerumani walikuwa wakiotesha mimea ndani ya maji yenye chumvi zilizopimwa, bila udongo wowote. Chumvi ya magnesiamu ikikosekana, mmea unadhoofika. Basi ilijulikana kwamba mmea unaihitaji. Inakaa wapi na inafanya nini, hakuna aliyejua. Wakemia waliochoma klorofili waliiona magnesiamu kwenye majivu, lakini waliona na madini mengine pia, kwa hiyo wakaihesabu kuwa takataka iliyoponyoka katika usafishaji.

Hapo ndipo anapoingia Richard Willstätter, mzaliwa wa Karlsruhe, aliyehamia Zürich mwaka 1905 kufundisha kemia. Alihitaji majani makavu kwa wingi na kwa bei nafuu, akachagua mmea unaowasha ngozi, ndugu wa thabai ambayo Wakikuyu huitia katika mukimo. Aliyaloweka majani, akachuja, akasafisha, akarudia. Kadiri klorofili ilivyozidi kuwa safi, madini mengine yalipungua hadi yakaisha. Magnesiamu haikupungua. Ukichoma gramu 100 za klorofili safi yanabaki majivu meupe yasiyofika gramu 5, nayo ni oksidi ya magnesiamu tupu. Hakutosheka na mmea mmoja. Yeye na wanafunzi wake walipima mimea zaidi ya 200, ya nchi kavu na ya majini, na kila mahali jibu likawa lile lile. Aliitoa magnesiamu kwa asidi, kama ndimu inavyofanya jikoni, akaona kijani kikigeuka hudhurungi. Kwangu mimi huu ni uvumilivu wa kupigiwa mfano, maana kilichokuwa kikitafutwa ni asilimia 2.7 tu ya uzito wa klorofili.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1915. Hata hivyo kuna mahali alikosea, na ni haki kusema. Katika miaka ile ya utafiti wake, Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Warsaw, alijaza unga wa chaki ndani ya mrija wa kioo, akamimina juu yake rangi za majani zilizoyeyushwa, akazitazama zikiteremka kila moja kwa mwendo wake: manjano zake, kijani cha aina mbili. Njia hiyo aliita kromatografia. Willstätter hakuiamini, na wakemia wengi walifuata neno la mkubwa. Tsvet alifariki mwaka 1919 huko Voronezh, kabla njia yake haijapata heshima.

Mwaka 1924 Willstätter naye alikumbana na mlango uliofungwa. Akiwa profesa Munich, alimpendekeza Victor Goldschmidt, bingwa wa kemia ya miamba kutoka Oslo, apewe kiti cha uprofesa. Wenzake wakakataa kwa sababu Goldschmidt alikuwa Myahudi. Willstätter, Myahudi pia, alijiuzulu, na kazi ya chuo hakuirudia tena. Mwaka 1939 mwanafunzi wake wa zamani, Arthur Stoll, alimsaidia kuwakimbia Wanazi hadi Uswisi, akafia huko mwaka 1942.

Wakati huo swali jipya lilikuwa limeshazaliwa Marekani. Mwaka 1920 Arthur Dempster wa Chicago aligundua kwamba magnesiamu si ya namna moja. Atomu zake zote zina protoni 12, lakini neutroni zinatofautiana, hivyo kuna nyepesi, ya kati na nzito: 24, 25 na 26. Hizo ndizo isotopu. Katika kila atomu 100, kama 79 ni nyepesi, 10 za kati na 11 nzito. Je, mmea unazichukua zote sawasawa, au unachagua?

Swali hilo lilisubiri miaka mingi, kwa kuwa tofauti yenyewe ni ndogo mno na mizani haikuwepo. Mitambo yenye uwezo huo ilipatikana mwishoni mwa karne ya 20, na wanasayansi wakakubaliana kulinganisha vipimo vyao na magnesiamu iliyotolewa Bahari ya Chumvi. Mwaka 2006 Jay Black, Qing-zhu Yin na William Casey wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza matokeo ya bakteria wa majini wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Klorofili yao ilikuwa na magnesiamu nzito pungufu kidogo kuliko maji waliyokulia, tofauti isiyofika moja kwa elfu. Miaka miwili baadaye waliotesha ngano: mmea ulikuwa na isotopu nzito kidogo zaidi kuliko maji yake, hasa kwenye mizizi, na zilizopanda majanini zilikuwa nyepesi kuliko za mizizini. Wapimaji wa mito na misitu sasa wanautumia mchujo huo kutambua kama magnesiamu iliyo mtoni imetoka kwenye mwamba moja kwa moja au imepitia kwanza mwilini mwa miti.

Kabla ya kupima, iliwabidi wanasayansi hao wa Davis waitenge magnesiamu na kila kitu kingine, na waliitenga kwa kromatografia, njia aliyoizaa Tsvet. Na elimu hii ya kusoma miamba na maji kwa kemia ndiyo elimu ya Goldschmidt, aliyenyimwa kiti Munich.

Mkulima hahitaji mtambo wa kupima isotopu. Mmea ukipungukiwa na magnesiamu huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Ukiona majani ya chini ya mhindi yana michirizi ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, usikimbilie mbolea ya urea wala DAP, maana hazina magnesiamu ndani yake. Peleka udongo ukapimwe, na ukiambiwa una asidi nyingi, uliza habari za chokaa ya dolomaiti, ambayo hutuliza asidi na kurudisha magnesiamu kwa pamoja.