Tairi la kashata lilitangulia lami

Masika ikikolea, shuka daladala Mbagala Rangi Tatu uombe kupelekwa ndani, kule ambako nyumba zimeshaezekwa lakini njia bado ni mchanga na madimbwi. Kabla hujapanda, inama utazame tairi la nyuma la pikipiki uliyoitiwa. Halina michirizi myembamba ya tairi la lami. Lina vipande vya mpira vya mraba vilivyosimama vimeachana, kama kashata zilizokatwa zikaachwa kwenye sinia, na ndiyo maana watu wanaliita tairi la kashata. Madigadi ya mbele imepandishwa juu ili tope lisijazane likazuia gurudumu. Chini ya injini kuna bamba la chuma lililochomelewa na fundi wa mtaani.

Ulaya mashine ya sura hii inaitwa scrambler: pikipiki ya barabarani iliyopewa tairi za mabonge, usukani mpana na ekzosi iliyoinuliwa ili iweze pia njia za vumbi. Jina limetokana na mashindano ya Uingereza, na yale ya Camberley ya mwaka 1924 ndiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza. Triumph walilirudisha sokoni mwaka 2006, na Ducati wakafuata mwaka 2015 na Scrambler yao ya cc 803, yenye nguvu za farasi zinazokaribia 75. Kwao ni pikipiki ya kutembelea siku za mapumziko. Kwetu Dar es Salaam sura hiyohiyo ililetwa na shida ya njia, na mtu akitaka kujua mitaa ya pembezoni mwa Kinondoni na Temeke ilijengwaje, aanze na pikipiki hii.

Za kwanza hazikuwa za biashara. Mwaka 1968 Yamaha walitoa DT-1 ya cc 250, pikipiki nyepesi ya kwenda lami na porini, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Wadogo zake, hasa DT 125, pamoja na Honda XL 125, ndio tuliowazoea nchini. Zilikuwa za bwana shamba, bwana mifugo na bwana afya, na nyingi zilibeba namba za DFP, yaani mali ya mradi wa wafadhili. Utotoni tuliitambua DT kabla hatujaiona. Ililia kwa sauti kali ya juu na kuacha moshi wa buluu, kwa sababu oili iliungua pamoja na petroli. Mwenye nayo alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na kupakiwa nyuma yake ilikuwa fadhila. Neno pikipiki lenyewe ni mlio wa injini.

Jiji nalo lilikuwa linapanuka. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,497,940 Dar es Salaam, ile ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Karibu watu milioni mbili waliongezeka katika miaka kumi, na wengi wao hawakuishia Kariakoo wala Magomeni. Walikwenda Chamazi, Mbande, Toangoma, Bunju, Madale na Goba, wakanunua kiwanja kwa mwenyeji, wakajenga chumba kimoja, wakahamia. Ubungo na Kigamboni zilikuwa bado hazijawa wilaya zinazojitegemea, hivyo Goba ilihesabiwa Kinondoni. Daladala, ambazo zilihalalishwa mwaka 1983, zilikwenda hadi lami ilipoishia. Kutoka pale hadi mlangoni kwako palikuwa na kilomita mbili, tatu, wakati mwingine tano, na mguu ndio uliozimaliza.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na bodaboda. Jina lilitoka mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako miaka ya 1960 baiskeli zilivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Ili biashara hiyo ifanyike kwa pikipiki huku kwetu, ilihitajika mashine ya bei nafuu isiyodeka, na hapo lazima tuzungumzie injini moja ambayo sioni ikipewa haki yake.

Mwaka 1976 Honda walianza kuuza CG125. Wahandisi wake walizingatia nchi ambako pikipiki hupakizwa kupita kiasi na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Injini nyingine ndogo za Honda ziliendesha valvu kwa mnyororo mwembamba uliopanda hadi kwenye kichwa cha silinda, na oili ikipungua au ikichafuka, huko juu ndiko kunakoumia mapema. Kwenye CG mnyororo huo uliondolewa, zikawekwa fito za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini. Injini ikawa rahisi kufungua, rahisi kufunga, na mvumilivu. Viwanda vya China viliinakili kwa wingi. Toyo, SanLG, Sinoray, Fekon na T-Better zilipofika madukani kwetu, nyingi zilikuwa na injini ya ukoo huo. Kijana wa Charambe aliyejifunza ufundi chini ya mwembe, akiwa na spana chache na kipande cha turubai, aliweza kuishusha asubuhi na kuiwasha jioni.

Serikali ilizikuta pikipiki zikiwa tayari barabarani, na kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zikatoka mwaka 2010 chini ya SUMATRA, iliyokuwa mamlaka ya usafiri wa nchi kavu na majini. Mwaka uliofuata, Desemba, mafuriko yaliwakumba wakazi wa bonde la Msimbazi, na mwaka 2012 wengi walihamishiwa Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Palikuwa na viwanja, palikuwa na mahema, na pikipiki zilifika mapema kuliko huduma nyingi. Mwaka 2014 bodaboda zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji, pembezoni ndiko zikazidi kuwa kwao.

Wakati huo Wahindi walishaingia kwa kishindo. Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS ziliwasukuma Wachina kando, na Boxer ya cc 150 ikaja pia na toleo la X, likiwa na tairi za mabonge tangu kiwandani. Nguvu zake ni za farasi kama 12 tu. Lakini dereva wa Goba hahitaji mbio. Anahitaji mvuto wa gia ya kwanza akiwa na abiria mmoja na mfuko wa saruji kwenye mlima wa udongo mwekundu, unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Huko hufunga sproketi kubwa nyuma ili pikipiki ivute zaidi. Mwenzake wa Mbande anapambana na mchanga, hivyo hupunguza upepo kidogo kwenye tairi ili likanyage kwa upana. Ujuzi huu haukufundishwa chuoni, na mimi nauhesabu kuwa ufundi kamili.

Gharama yake nayo isifichwe. Taasisi ya Mifupa Muhimbili imewapokea vijana wengi waliovunjika kwenye pikipiki, na mshikaki wa abiria wawili au watatu bado unaonekana kila jioni. Kofia ngumu ya abiria mara nyingi inaning'inia kwenye usukani badala ya kuwa kichwani.

Sasa lami inaingia. Mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2015, umejenga barabara za mitaa Temeke, Ilala na Kinondoni, na lami imefika hata Goba. Palipo na lami, kashata likiisha dereva ananunua tairi laini. Pikipiki hii inaweza kutoweka mtaa mmoja baada ya mwingine bila mtu kuiandika popote.

Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, yanahifadhi magari ya zamani ya viongozi wetu, likiwemo Rolls-Royce. Naomba pembeni yake iwekwe pikipiki moja ya kijiweni, na namba yake ya MC, bamba lake la kuchomelewa na tope lake la Goba au Charambe. Walioiendesha wapo, na bado wanaweza kutueleza ilikopita.