Shajara Iliyojifunza Kupiga Simu

Historia ya simu janja kwa kawaida huanzia Januari 2007, Steve Jobs aliposimama jukwaani San Francisco na iPhone mkononi. Wajuzi zaidi hurudi nyuma hadi Agosti 1994, kampuni ya BellSouth ya Marekani ilipoanza kuuza IBM Simon, simu ya nusu kilo yenye kioo cha kugusa. Masimulizi yote mawili yana dhana moja: kwamba simu ilikuwepo kwanza, kisha ikaongezewa hili na lile mpaka ikawa janja. Lakini ukifuatilia walichosifu na walichonung'unikia wamiliki wa vifaa vya katikati ya miaka hiyo, hasa Treo ya kampuni ya Handspring, utaona mambo yalikwenda kinyume. Kilichotangulia ni shajara, yaani kijitabu cha miadi, anwani na kazi za siku. Simu ilikuja kupanga chumba humo, na kwa miaka kadhaa ilibaki mpangaji.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye kifaa kilichoizaa Treo, yaani Pilot ya kampuni ya Palm. Kabla yake, mwaka 1993, Apple walitoa Newton, kompyuta ya mkononi iliyojigamba kusoma mwandiko wa mtu. Iliusoma vibaya, ikageuka kichekesho, na mwaka 1998 ikafutwa. Jeff Hawkins, mwasisi wa Palm, hakutaka makuu hayo. Alichonga kipande cha mbao cha kutosha mfuko wa shati, akawa anatembea nacho, na kila ilipotokea haja ya kupanga miadi alikitoa akajifanya anaandika, ili ajue mtu huhitaji nini hasa akiwa mbali na meza yake. Pilot iliyotoka 1996 kwa dola 299 ilijengwa juu ya mambo machache: kalenda, anwani, orodha ya kazi na mahali pa kuandika dondoo. Betri zake mbili ndogo za dukani zilidumu wiki kadhaa. Nguvu yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kwenye kitako kilichounganishwa na kompyuta. Mwenye kifaa alikikalisha hapo, akabonyeza kitufe kimoja, na yaliyoandikwa pande zote mbili yakalinganishwa mpaka yakawa sawa. Miadi iliyobadilishwa kwenye kompyuta ya ofisini ilimfuata mwenyewe mfukoni, na namba iliyokwisha kupita kwenye kitako ilibaki salama hata kifaa kikisahaulika ndani ya teksi.

Tatizo ni kwamba mtu huyohuyo alikuwa na simu pia, na simu ilikuwa na orodha yake yenyewe ya majina. Kadi ya SIM ya wakati ule ilihifadhi jina fupi na namba moja kwa kila nafasi, kwa hiyo mtu mwenye namba ya ofisini, ya nyumbani na ya mkononi alikula nafasi tatu. Mwenye vifaa viwili alitafuta namba kwenye kimoja, akaisoma tarakimu baada ya tarakimu huku akiibonyeza kwenye kingine. Hawkins, Donna Dubinsky na Ed Colligan, walioondoka Palm 1998 na kuanzisha Handspring, walianza kwa kuichomeka simu mgongoni mwa shajara: VisorPhone ya mwaka 2000 iliingia kwenye tundu la nyuma la kifaa chao kilichoitwa Visor. Treo 180 ya mapema 2002 ikaviunganisha kabisa. Kwa vipimo vya karatasini haikuwa na la kujivunia: kioo kisicho na rangi, kumbukumbu ya MB 16, antena iliyochomoza juu. Kilichowavuta wamiliki ni wepesi wake. Ukitaka kumpigia mtu, uliandika kwa kidole gumba herufi ya kwanza ya jina lake na za mwanzo za ukoo wake bila kuacha nafasi, na orodha ya mamia ya watu ikabaki na wawili watatu. Ukachagua, simu ikaita. Juu kulikuwa na swichi ya kuzima mlio, unaisogeza bila hata kutazama kioo. Hayo ni mahitaji ya mtu wa vikao, na yanaonyesha kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Watu hao walivumilia mengi. Bawaba za kifuniko cha Treo za mwanzo zilivunjika, na kamera ya Treo 600 ya mwaka 2003 ilikuwa hafifu, lakini hawakuitupa. Ila moja tu haikuvumilika. Hadi Treo 600, kila ulichoandika kilikaa kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme. Chaji ikiisha kabisa, kalenda na anwani zilifutika. Ukiiwasha tena, ilikutaka uguse alama kwenye kioo kuirekebisha, kana kwamba ndiyo kwanza inatoka dukani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa lililopotea ni daftari lenyewe, na pona ya mwenyewe ilikuwa ile nakala kwenye kompyuta. Treo 650, iliyotoka mwishoni mwa 2004 baada ya Handspring kununuliwa na Palm, ilikuja na kumbukumbu isiyofutika. Lakini namna yake ya kuhifadhi ilivimbisha rekodi ndogondogo, na baadhi ya waliotoka kwenye 600 wakakuta majina na miadi yao haviingii vyote. Kelele zilikuwa kubwa hadi kampuni ikagawa kadi za kumbukumbu za MB 128 bila malipo, na baadaye ikarekebisha programu. Simu hiyo ilikuwa na kioo chenye nukta mara nne ya kile cha mwanzo, Bluetooth, na betri ya kutoa na kuweka. Bado kilichowaudhi watu ni kwamba daftari lao halikuhama zima.

Mtu anaweza kuuliza: kama shajara ndiyo iliyovuta wateja, mbona Simon, iliyokuwa na kalenda, anwani na hata faksi, iliuza takriban 50,000 tu na kutoweka sokoni mapema 1995? Jibu ni kwamba shajara lazima ifunguke saa yoyote unapoihitaji. Betri ya Simon ilimudu kama saa moja ya mazungumzo, na bei yake ilikuwa dola 899 hata kwa anayefunga mkataba wa miaka miwili. Nokia 9000 Communicator ya 1996 ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi na ilipata wapenzi wake, lakini ilikuwa na gramu 397, simu ikiwa nje na kibodi ndani; kuandika miadi kulitaka kuifungua kama kompyuta ndogo. Kuwa na kalenda hakukutosha. Ilipaswa iwe karibu na iwe ya kuaminika.

Pingamizi zito zaidi ni la barua pepe. Wapo watakaosema BlackBerry ndiyo iliyowafanya watu wa ofisi waishi na kifaa mkononi, na kwamba kalenda ilifuata tu. Wana haki kwa sehemu. Ila BlackBerry 5810 ya mwaka 2002 haikuwa na spika ya sikioni wala maikrofoni. Bila kuchomeka waya wa masikioni huongei na mtu. Huko nako simu ilikuwa mpangaji, na mwenye nyumba alikuwa kumbukumbu za kazi. Kuhusu iPhone, nakubali kwamba ilishinda kwa intaneti na kioo chake, na kwamba wengi walioinunua hawakuwahi kumiliki shajara ya umeme. Hata hivyo, ilipoingia madukani Juni 2007 ilichukua majina na kalenda kutoka kwenye kompyuta kwa waya, kazi ileile ya kitako cha Palm. Aliyehamia kutoka Treo alikosa orodha ya kazi, na alisubiri hadi 2009 kuweza kunakili na kubandika maandishi.

Mpango huo ulianza kuvunjika Oktoba 2008, simu ya kwanza ya Android ilipouzwa ikiwa na majina na kalenda vinavyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google, bila waya wala kitako. Palm ilikuwa imejijengea jina kwa kuwa daraja kati ya mfuko na meza. Daraja lilipohamia hewani, kila mtengenezaji aliweza kuwa nalo. HP ikainunua Palm mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa vyake. Kwa hiyo anayepima simu za enzi hiyo kwa kamera na kasi anapima kitu ambacho sicho kilichowafanya wamiliki wazinunue. Walinunua uhakika wa kumbukumbu, na walijua nakala yao iko kwenye kompyuta gani. Mmiliki wa leo amepunguziwa kazi ya kunakili, lakini funguo za daftari lake ziko kwa kampuni nyingine, na akisahau nywila yake hakuna kitako cha kurudia.