Mchovu si Mvivu

Tangu zamani, mtu aliyepauka na kuchokachoka aliambiwa ana safura. Mwaka wa 1898, huko Misri, mtaalamu Mjerumani Arthur Looss aligundua kwamba minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi. Ikifika matumboni, hunyonya damu. Hapa Kenya, mwaka wa 2012, sheria iliagiza unga wa pakiti utiwe madini ya chuma yanayojenga damu. Lakini mahindi ya shamba lako, yanayosagwa kisiagini, hayatiwi chochote. Basi mzazi, binti aliyeanza hedhi akisinzia darasani, usimwite mvivu. Mvalishe viatu, mpe maharagwe, mboga na chungwa, kisha mpeleke zahanati apimwe damu.