Kukoroma na kukata pumzi usingizini: lini homoni zipimwe?

Wadau, kukoroma hapa Bongo tunakuchukulia kama utani. Mtu anakoroma, nyumba nzima haipati usingizi, asubuhi anataniwa, basi yameisha. Lakini wapo wanaokoroma kisha wanakata pumzi kabisa, sekunde 10 au zaidi, halafu wanashtuka wakivuta hewa kwa nguvu. Ikitokea mara 5 au zaidi kwa saa, na mchana mtu anasinzia ovyo, huo ni ugonjwa. Ikifika mara 30, ni mkali.

Huku Chanika watu wanaamka saa 10 alfajiri kuwahi daladala za mjini, kwa hiyo ni rahisi kusingizia uchovu wa safari. Anayesinzia akiwa ni dereva, hapo ni roho za watu.

Kwa wengi chanzo ni unene au njia ya hewa kuwa nyembamba. Kwa wachache ni homoni, na hao wakitibiwa kukoroma tu, ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini. Angalia haya:

1. Thairoidi, ile tezi ya shingoni, kufanya kazi chini ya kiwango. Ulimi na koo huvimba, misuli hulegea. Mtu anasikia baridi hata kwenye joto la Dar, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, sauti inakwaruza, wengine wanaota rovu. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH.

2. Homoni ya ukuaji kuzidi kwa mtu mzima. Mara nyingi ni uvimbe kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Viatu vinabana, pete haivuki kidole, taya linatokeza, ulimi unakuwa mkubwa. Huja polepole, hivyo linganisha na picha za zamani. Kipimo ni IGF-1.

3. Kotisoli kuzidi. Uso unakuwa wa duara, mafuta yanajaa shingoni na tumboni, mikono na miguu inakonda. Hapa wamo wanaomeza dexamethasone ili wanenepe. Kama umeitumia muda mrefu usiiache ghafla, ni hatari. Mwone daktari kwanza.

4. Kwa akina mama, hedhi kuruka-ruka pamoja na kuota ndevu.

Je, kila anayekata pumzi apimwe homoni zote? Hapana, ni kupoteza hela. Daktari anauliza, anakagua, kisha anapima penye dalili. Presha na sukari ndizo zisisahaulike, maana mara nyingi huandamana na ugonjwa huu.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ukiomba rufaa kwenda Amana au Muhimbili ikibidi. Nenda na unayelala naye chumba kimoja, huyo ndiye shahidi. Taja dawa zote unazotumia, hata za kununua mtaani.

Mwisho, dawa ya thairoidi inaweza kupunguza tatizo bila kulimaliza. Aliyepewa mashine ya kusukuma hewa asiiweke kabatini mpaka apimwe tena usingizi. Na pombe au vidonge vya usingizi kabla ya kulala vinazidisha mambo. Haya, mwenye swali alilete.