Kaburi Tupu la Hambageu: Shujaa, Kifo na Miungu katika Simulizi za Loliondo na Tendi za Kiyunani

Mjadala kuhusu kuwapo kwa utendi barani Afrika umekwishavuka hatua ya kuthibitisha kwamba upo. Ruth Finnegan alipolitilia shaka jambo hilo mwaka 1970, Isidore Okpewho alimjibu mwaka 1979 kwa kitabu kizima, na hapa Tanzania M. M. Mulokozi aliuendeleza mjadala kwa ushahidi wa enanga za Wahaya na tendi za Waswahili. Hata hivyo, mjadala huo ulituachia mazoea yasiyo na faida kubwa: kila shujaa wa Kiafrika hupimwa kwa kipimo cha Achilles. Makala haya yanauliza swali tofauti. Je, kifo kimewekwa wapi katika maisha ya shujaa, na ni nani mwenye mamlaka ya kukiondoa?

Swali hili linafaa kuulizwa Loliondo. Watanzania wengi wanalikumbuka jina hilo kwa sababu ya kikombe cha Samunge, ambako mwaka 2011 maelfu ya wagonjwa walimfuata mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, eneo hilo lina mvuto wa zamani zaidi. Jamii mbili jirani, Wamaasai na Batemi (ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo), huutazama mlima mmoja mtakatifu, Oldonyo Lengai, lakini masimulizi yao kuhusu kifo hayapatani hata kidogo.

Tuanze na Wayunani. Katika kitabu cha 16 cha Iliad, Sarpedon, mwana wa Zeus, anakaribia kuuawa na Patroclus. Zeus anawaza kumwokoa. Hera anamwonya kwamba akifanya hivyo, miungu wengine nao watataka kuwaokoa watoto wao vitani. Zeus anakubali, anadondosha mvua ya damu kwa ajili ya mwanawe, kisha anaagiza mwili usafishwe na kupelekwa na Usingizi na Kifo hadi Lycia ukazikwe. Jambo la kuzingatia ni kwamba Hera hamwambii Zeus kuwa hawezi. Uwezo anao, kinachomzuia ni utaratibu ambao yeye mwenyewe angeuvunja. Miungu wa Homer, kwa kuwa hawafi, hawawezi kuwa mashujaa. Katika kitabu cha 5 Ares anajeruhiwa na Diomedes, anapiga kelele, anapanda Olympus kulalamika na kuponywa papo hapo. Kwa mungu vita ni karaha ya muda. Kwa Achilles, aliyeambiwa kwamba atachagua ama maisha marefu yasiyo na sifa ama sifa pamoja na kifo cha mapema, vita ndiyo gharama yote.

(Hapa inafaa kusahihisha kosa linalojirudia katika tasnifu zetu. Kitovu cha Fumo Liyongo mara nyingi hulinganishwa na kisigino cha Achilles “katika Homer”. Kisigino hicho hakimo katika Homer. Kimeenea kutokana na masimulizi ya baadaye, hasa Achilleid ya Statius, mshairi wa Kilatini wa karne ya 1 B.K. Achilles wa Iliad hufa kwa sababu ni binadamu, si kwa sababu ana tundu mwilini.)

Simulizi ya Kimaasai kuhusu asili ya kifo, iliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1905, iko karibu na Homer kuliko inavyodhaniwa. Naiteru-kop anamfundisha Leeyio maneno ya kutamka mtoto akifa: binadamu afe na kurudi, mwezi ufe na kubaki huko huko. Mtoto wa kwanza anakufa, lakini si wa Leeyio. Leeyio anayageuza maneno: mwezi ndio urudi, binadamu abaki. Baadaye anafiwa na mwanawe mwenyewe, anayatamka maneno sahihi, lakini anaambiwa amechelewa. Zeus anamwachia kifo mwana wake ili asiwaonee wengine wivu wala kuwapa kisingizio. Leeyio anamwachia kifo mtoto wa mwenzake, na kwa hilo anampoteza wa kwake. Mmoja anaonyesha haki inavyouma, mwingine ubinafsi unavyorudi kwa mwenyewe. Lakini hatima ni moja: likishatamkwa, halitanguki, na hata baba mwenye uchungu hapewi nafasi ya pili.

Batemi wanasema jingine. Shujaa wao Hambageu (Gray huandika Khambageu) alitoka katika mguu uliovimba wa baba yake. E. Simenauer aliuandikia uzazi huo wa ajabu makala katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1955, na msomaji wa Kiyunani hatakosa kumkumbuka Dionysus, aliyeshonewa pajani mwa Zeus. Mfanano huo unavutia, ila sioni kwamba unatufikisha mbali. Dionysus alikwisha kutungwa tumboni mwa Semele, naye paja linamkamilisha tu. Hambageu hana mama kabisa.

Mfanano wenye uzito zaidi uko mahali pengine. Katika simulizi alizozikusanya Robert F. Gray, aliyechapisha The Sonjo of Tanganyika mwaka 1963, Hambageu aliishi kwanza Tinaga, akakosana na wanakijiji kwa kukataa kushiriki kazi ya pamoja. Batemi ni wakulima wa umwagiliaji. Mifereji haitunzwi na mtu mmoja, na maji hugawiwa na wazee kwa utaratibu mkali. Mtu anayekaa nyumbani siku ya kazi anaugusa uhai wa kijiji chenyewe. Achilles naye anajitenga na kazi ya wote, nayo kwake ni vita. Lakini Achilles anarudi, na kurudi kwake ndiko kunakomleta karibu na kaburi. Hambageu anahama.

Naye anakufa. Simulizi haimwepushi na hilo. Anazikwa, na kaburi linapofunguliwa yanakutwa makubazi yake tu. Yeye amepaa kuelekea juani. Hapa ndipo njia zinapoachana. Ibada ya mashujaa wa Kiyunani ilihitaji mifupa: Wasparta waliichukua ya Orestes kutoka Tegea, na yapata 475 K.K. Cimon aliileta Athens ile iliyoaminiwa kuwa ya Theseus kutoka Skyros. Pwani yetu nayo ina kaburi la Liyongo linaloonyeshwa Ozi. Batemi hawana mfupa wa kugombea. Walicho nacho ni ntemi, chale ya begani inayowapa jina lao, na imani kwamba siku ya mwisho Hambageu atarudi na kuwatambua watu wake kwa chale hiyo.

Naona sababu ya kihistoria katika tofauti hii. Gray alivikuta vijiji vya Batemi vimezungushiwa maboma, vikiwa vichache katikati ya wafugaji wenye nguvu. Shujaa wa Homer anaishi katika wimbo, na wimbo unaweza kuimbwa katika mji wowote. Jamii ndogo iliyozungukwa ilihitaji kitu kinachobebwa na kila mtu mwilini, kisichoweza kutekwa wala kuazimwa.

Wapo watakaosema kwamba kaburi tupu limetoka kwa wamisionari. Hoja hiyo haipuuzwi, hasa kwa kuwa matini tulizo nazo ziliandikwa kwa Kiingereza katika miaka ya 1950 na 1960, na watu walioijua Biblia tangu utotoni. Lakini mwenye kuishika atatakiwa aeleze pia mguu uliovimba, ugomvi wa Tinaga, makubazi na chale ya begani, ambavyo hakuna Injili inayovisimulia.